Siku Kumi na Moja za Kobe

Valladolid, 9 Machi

Mdogo wangu mpendwa Casilda,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yamepunguza kuuma, na korongo wamesharudi kwenye mnara ulio mbele ya dirisha lako. Mimi moyo wangu umechoka. Daktari ananiambia nipumzike, nami namcheka, maana sina kazi nyingine. Supu nainywa, usingizi naupata. Lakini kuna jambo nimekuficha miaka kumi na tisa, na sitaki kuondoka nalo. Kobe, gari letu la kulala, hakuharibika mjini kwenu. Mimi ndiye niliyemharibu.

Usiitupe barua. Isome hadi mwisho, kisha unipigie simu unitukane.

Unakumbuka safari ile tuliianza katika hali gani. Amancio, mumeo wa kwanza, alikuwa na miaka miwili kaburini, na ni siku ya mazishi yake ndipo ulipojua kwamba alikuwa na nyumba ndogo Gijón. Hukulia. Ulisema tu kwamba hutaishi tena na mtu aliyewahi kukudanganya, hata kwa jambo dogo kama chumvi. Ukahamia kwangu, ukawa unazitazama kuta za jikoni. Nikakupakia kwenye Kobe ili ukatazame kuta nyingine.

Toledo tulizunguka mara tatu tukitafuta pa kulala, nikakwama kwenye kichochoro, wenye maduka wakatoka kunielekeza, kila mmoja upande wake. Segovia tulipata nafasi bondeni, tukapanda hadi kwenye matao ya Warumi, nikakuhutubia nusu saa, ukasema mawe ni mawe. Cáceres ulilala mchana kutwa. Hukucheka hata mara moja. Nilikuwa nakuangalia.

Ndipo tukafika mjini kwenu, kwenye ule uwanja wa magari ya kulala chini ya ukuta, wenye bomba la maji na kibao: saa arobaini na nane, basi. Ukatoa kiti nje uchambue maharage. Bakuli halijajaa, akaja askari wa manispaa, mrefu, masharubu kama brashi ya viatu, akakueleza kwa adabu kwamba kulala ndani ya gari ni kuegesha, lakini kiti kikitoka nje hiyo ni kambi, na kambi ni marufuku. Ukamjibu kwamba kiti ni kiti, kambi ni ya wanajeshi, na kama ana njaa aseme tu, asisingizie sheria. Akasema, “Bibi, nina miaka hamsini na tisa, na sijawahi kuhongwa kwa maharage mabichi.”

Ukacheka, Casilda. Ulicheka hadi bakuli likapinduka.

Kesho yake ukatoa viti viwili. Saturio, askari yule yule, akaja, akavitazama, akavua kofia, akaketi ndani ya kambi.

Jioni hiyo saa zetu zilikuwa zinakaribia kuisha, nawe ukashikilia kwamba tuondoke, kwa kuwa sheria ni sheria. Ulipokwenda kujaza maji, nikafungua boneti nikachomoa fyuzi, nikaificha kwenye kasha la miwani. Mimi, mwalimu wa Kilatini, niliyekuwa namwita jirani anibadilishie balbu! Nikageuza ufunguo mbele yako, Kobe kimya, nikajitia kusikitika. Gari bovu liliruhusiwa kukaa hadi lipone. Kibao kilisema hivyo kwa herufi ndogo chini kabisa, na herufi ndogo ndiyo fani yangu.

Tukakaa siku kumi na moja. Saturio akaleta jibini, kisha nyanya za bustani yake, kisha akakupandisha juu ya ukuta, mkashuka mmeshikana mikono mkidhani sioni. Siku ya kumi na mbili nikairudisha fyuzi, nikaendesha kurudi nyumbani peke yangu. Nyumba ilikuwa kimya sana. Sijajuta hata siku moja.

Tangu hapo unawaambia watu kwamba Kobe ndiye aliyekuchagulia mume, nami kila Krismasi nimekaa mezani kwenu nikiyameza maneno. Nililiogopa lile neno lako la chumvi. Sasa lipime upya, na ukitaka kukasirika, ikasirikie mifupa yangu, maana haiko mbali na kupumzika. Kobe nakuachia wewe. Kiti chako bado kimo ndani.

Wasalimie majirani, wasalimie korongo, umsalimie Saturio. Na hapa niungame lililobaki, ambalo si langu peke yangu. Asubuhi ya tatu, ulipokwenda kununua mkate, Saturio aliomba kuitazama injini. Akaiona nafasi tupu ya fyuzi. Akanitazama mimi, akavitazama viti vyako viwili, akafunga boneti taratibu, akasema, “Mwalimu, gari hili linaumwa sana. Lisiguswe na fundi yeyote. Nitakuja kulijulia hali mwenyewe kila siku.”

Inua macho, Casilda. Huyo aliyeketi karibu nawe akijifanya anasoma gazeti alijua tangu mwanzo.

Kaka yako,
Leandro