Viatu Ulivyoniagiza

Mama,

Umenifanyia nini?

Nimefika Bunia siku chache tu zilizopita na bado sijui nianzie wapi. Nakuandikia kwa hiki Kiswahili cha shule ulichokuwa unakicheka, ukisema naongea kama radio. Cheka tu. Lakini leo utanisikiliza mpaka mwisho, maana miezi yote hii mimi ndiye nilikuwa nakusikiliza weye, kumbe weye ulikuwa umekwisha kwenda.

Ndege ilitua mchana. Nilishuka na mfuko wangu mkononi, sikutaka kuuweka na mizigo mingine, kwa sababu ndani mlikuwa na viatu vyako. Vyeusi, laini, kisigino kifupi, kama ulivyoagiza. Nikakutafuta kati ya watu waliokuja kupokea. Nikamwona Furaha peke yake, kitambaa kichwani, na chini ya kitambaa nywele hakuna. Nikamtania: ee mdogo wangu, siku hizi huo ndio mtindo wa Bunia? Hakucheka. Nikamuuliza uko wapi. Akasema, "Mama iko ku nyumba," akageuka upande mwingine kuita moto, pikipiki ya kutubeba.

Nikapanda moto nikiimba, mama. Nilikuwa nampigia dereva kelele apite polepole kwenye mashimo, viatu vya mama yangu visianguke.

Pale Mbunya, mlangoni kwetu, nikaona turubai limetandazwa, viti vya plastiki, na wamama wa kanisa wamekaa kwenye mikeka. Nikadhani ni sherehe ya kunipokea. Nakuapia, hivyo ndivyo nilivyodhani! Nikainua mkono kuwapungia. Ndipo mama mmoja akapiga yowe, na wengine wote wakamfuata, wakaja kunishika mikono na kiuno, mimi katikati nimesimama na mfuko wa viatu.

Wakaniambia ulifariki mwezi wa pili. Kabla ya mvua. Matanga haya wameyarudia kwa ajili yangu.

Nikasema hapana. Nikasema mnanidanganya, Mama amenisalimia Jumapili hii iliyopita. Nikatoa simu, nikaicheza vokali yako, salamu yako ya sauti, pale pale, kati ya kilio. Ukatoka, sauti yako ileile: "Jambo, mwalimu wangu. Siye tuko muzuri. Weye unakula? Usikonde kule kwa bazungu." Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba. Mwingine akakimbilia nyuma ya nyumba. Na weye uliendelea kuongea, mama, ukanisimulia habari za jirani na kibuzi chake, ukacheka, mpaka Furaha akaninyang'anya simu akaizima.

Nimeambiwa yote. Lakini bado haiingii kichwani. Kwamba daktari alipokuambia hakuna la kufanya tena, neno lako la kwanza lilikuwa: asiambiwe Riziki. Kwamba ulikaa kitandani, Furaha amekushikia simu, ukarekodi salamu za kunitumia moja kila Jumapili ukishaondoka: siku uliyokuwa na nguvu, salamu mbili; siku mbaya, hakuna. Ukikohoa katikati, ulimwamuru afute muanze upya. Ulimuuliza kila mara kama sauti iko na nguvu. Eeh, weye mama! Nani alikufundisha mambo haya?

Najua ni kwa nini. Viza. Mimi mwenyewe nilikueleza siku ile kabla sijaondoka, tunachambua sombe, majani ya muhogo: mama, hii viza ya kubadilishana utamaduni ni ya kuingia mara moja tu. Nikitoka kabla mwaka wa shule haujaisha, ni kurudi Kinshasa kupanga foleni upya, na nafasi yangu wanampa mwingine. Ulitikisa kichwa tu, ukaendelea kuchambua. Uliuza samaki wa chumvi miaka na miaka, masoko ya Komanda na Iga Barrière, kwa jua na kwa hofu ya barabara, ili mimi nisome. Sasa uliona kifo chako kitaniharibia kazi. Ukaamua kukificha, kama mtu anayeficha sukari wageni wasimalize.

Lakini ulijua niliyokuwa nikifanya na sauti yako? Kule Amerika sikuitwa kufundisha Kifaransa peke yake. Mkurugenzi aliniambia siku ya kwanza, tuletee na nyumbani kwenu. Nikawaza, nyumbani kwetu ni nini? Nikawaletea weye. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya hesabu na kabla ya Kifaransa, niliwachezea watoto vokali yako ya Jumapili. Watoto wadogo, wengine hawana meno ya mbele. Wote wanapaza sauti: "Jambo, Mama! Muzuri, Mama!" Halafu tunarekodi jibu letu, tunakutumia. Kuna kasichana kamoja kalikuuliza, "Mama, unakula nini leo?" Kalijifunza maneno yale wiki nzima. Jumatatu iliyofuata kamekaa mbele, kamefunga mikono, kanangoja. Ukasema habari za kibuzi cha jirani. Kakauliza tena, na tena. Hukujibu hata siku moja. Nikawaambia watoto, musamehe, mama yangu masikio yamechoka.

Na dalili zilikuwepo, Mungu wangu! Mwezi wa tano, jua kali kule, watoto wanakuja na kaptula, weye unaniambia, "Vala makoti mbili, baridi isikuue." Darasa zima lilicheka, hata mimi. Na yule jogoo wetu! Furaha aliteleza ulimi siku moja akaniambia walikwisha kumla. Jumapili iliyofuata namsikia anawika nyuma ya sauti yako. Nikasema basi, wamenunua mwingine. Sasa najua alipikiwa watu waliokuja kukulilia. Na kila nilipotaka tuongee moja kwa moja, Furaha alisema mutandao mubaya, au Mama ameenda misa. Nikakubali. Mimi, mwalimu, ninayemkamata mtoto akidanganya kabla hajamaliza sentensi.

Lakini viatu, mama. Viatu! "Ukikuja, uniletee viatu nyeusi ya laini, hii ya zamani inaniumiza." Niliingia duka baada ya duka. Nilivipima kwa mkono nikiukumbuka mguu wako. Uliviagiza ukijua hutavivaa. Furaha anasema hata yeye alikuuliza, mama, viatu vya nini tena? Ukamjibu, "Akiwa na kitu ya kutafuta, hatawaza mubaya." Niliposikia hayo nilitoka nje kwa hasira. Nimekukasirikia, ninakuambia wazi. Uliniibia. Wajomba walikuja kutoka Mahagi, hata wale msiosalimiana. Walitaka kukupeleka huko, barabara ikawashinda, wakakuzika hapa. Kila mtu alitupa udongo wake. Mimi sikukuosha, sikukuvalisha, sikukulilia. Siku ile nilikuwa nafundisha rangi. Nyekundu, kijani, manjano.

Sasa wiki ijayo nina randevu Kinshasa, miadi ya ubalozi, kuomba viza ya mwaka wa pili. Nikawaambia wote siendi. Nilisema, nisimame tena mbele ya watoto wale Jumatatu, niwaambie nini? Wajomba wakaniambia nitakuwa nimekuua mara ya pili. Nikawajibu vibaya, nikajifungia chumbani kwako. Mjomba mkubwa bado amenuna.

Jana Furaha akagonga mlango akasema, njoo. Hakusema tunakwenda wapi. Tulikwenda kwa miguu mpaka makaburini. Msalaba wako ni wa mbao, jina wameliandika vizuri. Nilisimama tu, machozi hayaji. Furaha akapiga magoti, akatoa simu yako, akaiweka juu ya udongo, akafungua sauti mpaka mwisho.

Walikuwa watoto wangu.

"Jambo, Mama! Muzuri, Mama!" Halafu kale kasichana: "Mama, unakula nini leo?"

Vokali zote tulizokutumia, mama. Mdogo wangu huyu, niliyekuwa nimemwita mwongo mbele ya watu, kila ilipofika mpya alikuja nayo hapa kwa miguu, mvua au jua, akakusikilizisha. Anasema mchimba makaburi alimuuliza kama ameanzisha kanisa la Wamarekani. Nikacheka. Nikacheka mpaka nikakaa chini, na hapo ndipo kilio kikatoka, kile chote cha tangu mwezi wa pili. Furaha akaniacha nilie. Nilitia mkono kwenye udongo, nikatupa wangu. Nimechelewa, lakini nimetupa.

Nitakwenda Kinshasa. Nimemwambia Furaha, nitamwambia na mjomba akipunguza kununa. Wakinipa viza nitarudi darasani. Lakini sitadanganya mtu, mama, hapo tumepishana mimi na weye. Nitawaambia watoto kwamba umekufa, na kwamba ulikuwa umekufa hata walipokuwa wakikusalimia. Wengine watalia, wazazi watakuja kumlalamikia mkurugenzi. Waje. Na kale kasichana nitakajibu mimi mwenyewe: Mama alikuwa anakula bugali na samaki wa ziwa, pilipili nyingi, na alikuwa anawaachia watoto kichwa cha samaki akisema hakipendi. Alikipenda. Nilikuja kujua nikiwa mtu mzima.

Viatu amevivaa Furaha. Alitaka tuviweke ndani ya boksi viwe ukumbusho, nikakataa. Miguu yenu ni kipimo kimoja. Kila Jumatatu tutarekodi salamu, na yeye atakuletea akiwa amevivaa, visikie njia.

Lala, mama yangu. Salamu zikifika, sikia tu. Usijibu tena. Umejibu ya kutosha.

Mwalimu wako,
Riziki