Kumgeuza Mama Nyota bila kumvuta

Alhamisi. Mvua imekatika, ziwa limetulia, na mimi niko na furaha kubwa sana.

Kalemie yote inajua: bila mimi, treni nyingi zingeingia ziwani. Miaka mingi nilikuwa mtu wa kugeuza reli pale gare, stesheni yetu. Siku moja niligeuza treni ya mabehewa arobaini kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kikombe cha chai. Halikumwagika tone. Walioona wako, lakini wengi walihamia Kigoma.

Kwa hiyo waliponiambia dansi ya tango ni ngumu, nilicheka.

Binti yetu Nyota anaolewa Jumamosi. Nilijivuna mbele ya wakwe kwamba mimi na mama yake tutafungua dansi na tango, si rumba ya kila mtu. Mama Nyota akakubali. Ilikuwa miaka hatujacheza pamoja. Tukaanza kujifunza katika salle, ukumbi wa parokia, kwa Mama Jeanne, aliyeileta dansi hiyo kutoka Bujumbura.

Kutembea mbele naweza. Shida njo kugeuka. Tukikaribia ukuta, mimi ninayeongoza natakiwa kumwonyesha Mama Nyota njia mpya, basi namvuta kama kile chuma cha kugeuzia reli. Juzi bega lake lilivimba. Alilipaka mawese tu.

Leo alisema.

"Papa Nyota, miye si behewa. Ukinivuta tena, Jumamosi nitacheza na kaka yangu."

"Yule wa tumbo kubwa?"

"Tumbo yake haivutake muntu."

Mama Jeanne alicheka mpaka akakaa. Kisha akaniambia: "Papa, ngojea kwanza. Muguu yake ikishafika chini, uzito yote imekaa pale, njo unageuza kifua. Mikono uache ipumzike."

Kungojea! Mimi sijawahi kumngojea mtu, hata bibi yangu, huyu Mama Nyota. Naandika hilo hapa nilione vizuri.

Tukaanza, mkono wangu mmoja mgongoni kwake. Ukuta ukaja. Mwalimu akaita: kulia! Nikangoja. Mguu wa Mama Nyota ukatua, nikasikia pumzi yake shingoni, nikageuza kifua.

Naye akageuka. Laini, bila kuvutwa.

Tukarudia mara tatu. Mara ya mwisho alikuwa amefumba macho.

"Njo hivi," akasema. "Sasa unapiga hodi kwanza. Vidole vyako vinaniminya mugongo kidogo, najua tunaenda kulia. Jumamosi ufanye vile vile."

Kaka yake atakaa kwenye kiti na tumbo lake.

Mama Jeanne akawaita wanafunzi wengine waje waangalie vidole vyangu. Niliwaambia huo ni ufundi wa gare, haufundishwi.

Sasa kweli yenyewe, maana Mama Nyota hasomi humu daftarini. Shule niliiacha mapema, na mpaka leo mtu akisema kulia, sijui ni wapi. Lazima kwanza nitafute mkono unaokula bugali. Vile vidole mgongoni kwake vilikuwa vinamega tonge.