Mtama Usiuzwe

Wifi Maftaha,

Uji uko jikoni, nimeufunika. Uza magunia mawili... hapana, hapo nimefuta. Usiuze hata kibaba, na ghala usilifungue.

Jana ulinicheka eti nakumbatia magunia kama mume. Haya, sikiliza. Kila mavuno mtama huwa rahisi hapa Kilwa kuliko Unguja, maana watu wa milimani hutushushia sisi kwanza, kabla nauli ya chombo haijaongezwa. Juma hili bei ya hapa imeipita ya Unguja, na mavuno ndiyo haya! Nikajua wameuzuia huko juu. Kwa nini, sikujua.

Asubuhi hii kaja Mzee Mbonde wa Kipatimu, yule anayetuuzia kila mwaka. Safari hii alitaka kununua, wala hakuomba kupunguziwa. Alikuwa anatembelea mpini mtupu wa jembe.

"Jembe lenyewe liko wapi?" nikamwuliza.

"Chuma kiko kwa mhunzi, bibi. Wenzangu wote wamepeleka. Mwaka huu hatulimi."

Hiyo ni mikuki inafuliwa, wifi, na mumeo yuko hukohuko Kipatimu, anatafuta mtama wa rahisi. Namfuata kaka yangu. Watoto wavushe kisiwani Songo Mnara leo hii. Usitungoje.

Wifi yako