Moshi wa Mashine ya Asmani

Minago,
9 Machi 1964

Mpendwa kaka Swedi,

Asalamu alaikumu, na amahoro kwa watu wote wa nyumba yako huko Kigoma. Homa iliyokulaza wakati wa Idi imekuacha? Na miguu ya wifi Kulthumu inaendeleaje? Mimi ni mzima. Mama ameanza kula tena, alhamdulilahi, na habari za mama ndizo zinazonifanya nikuandikie.

Usishangae kuona barua inatoka Minago. Nimeondoka Rumonge, kwa mume wangu Asmani, nikamleta mama huku kwa mama mdogo Batuli. Nimekasirika, kaka, na sehemu ya hasira hiyo ni yako.

Wewe ndiye uliyemwandikia Asmani kwamba nyumba ya mfanyabiashara wa leo haiwezi kukaa na taa za mafuta. Akauza sehemu ya michikichi yake, akanunua mashine ya umeme kwa mzungu mmoja aliyekuwa anahama baada ya uhuru. Mwanzoni tulifurahi, siwezi kusema uongo. Majirani walijaa uani kusikiliza redio, nami nilishona baada ya magharibi bila kuumiza macho.

Lakini mashine ile inakunywa esansi kama lori. Buji yake, ile plagi ya kuwashia moto, ikiungua, lazima mtu asafiri mpaka Bujumbura kutafuta nyingine, na fundi akija anataka kula na kulala. Faida yote ya mawese na samaki wa ndagala iliingia humo. Nilipomwomba Asmani turudie taa zetu, alisema mimi ni mtu wa zamani.

Mwezi uliopita ikanyesha mvua kubwa. Asmani aliogopa mashine isilowe, akaiingiza katika stoo iliyo ubavuni mwa chumba cha mama, akafunga mlango ili kelele zisitusumbue, akarudi dukani. Nilipompelekea mama chakula, nilimkuta amelegea, macho yamegeuka, chumba kimejaa moshi. Nilimvuta mpaka uani, mvua ikitupiga, nikimwita. Jirani yetu Mariyamu akakimbia kuzima mashine. Kaka, nilidhani mama ameshakufa. Alipotapika ndipo nikajua yuko hai.

Taa zilipozimika, Asmani akaja mbio. Alituona pale chini kwenye matope, na unajua alisema nini kwanza?

"Nani amezima mashine?"

Kesho yake nilifunga nguo zangu na za mama.

Ijumaa alitufuata, akamwomba mama msamaha, na mama akampa. Mimi nilimwambia, "Siku mashine itakapotoka katika nyumba ile, nitaingia." Akaondoka.

Sasa nasikia buji mpya aliyoifunga umemtumia wewe. Kama ulijua yaliyompata mama, sina la kukuambia. Kama hukujua, basi umejua.

Jana Alimasi, anayeuza dukani kwetu, alipita hapa. Anasema nyumba inang'aa chumba kwa chumba, na Asmani anakula peke yake.

Nisalimie wifi Kulthumu na mwanao Amisi. Mama anakuombea kwa Mungu afya na riziki, na anataka kukuona. Mimi nakuombea moyo wa kuja.

Dada yako, akupendaye hata akiwa na hasira,
Kadidja