Koti la Baba Mkwe

Makandana, Tukuyu
Jumapili mchana, mvua inanyesha

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Goti linaendeleaje? Na kile kikohozi cha baba kimekwisha, au bado anakificha ili asipelekwe hospitali? Sisi huku wazima, ila mmoja wetu ana mkono uliofungwa shingoni, na huyo ndiye sababu ya barua hii. Usishtuke. Mjukuu wako Sekela ni mzima, amelala hapa nyuma yangu anakula parachichi kwa kijiko na kunituma maji kila baada ya dakika tano. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu siku hizi husikii vizuri, na habari hii siwezi kuipayuka majirani wakiwa dirishani. Suzi atakusomea. Suzi mdogo wangu, soma polepole, usiruke, na usiongeze ya kwako.

Naandika huku nainuka na kukaa. Tangu jana situlii. Asubuhi nimefagia ua mara mbili, na mvua yenyewe ndiyo hii.

Unajua Sekela alivyopagawa na baiskeli tangu aende shule ya bweni Mbeya. Mwalimu wake wa michezo alimwandikisha kwenye mbio za baiskeli za milimani kule Masoko, za kuchangia bajaji ya kubebea wagonjwa wa vijiji vya huko. Baba yake yuko safarini na lori, Lubumbashi, kwa hiyo ikabidi mimi nimfuate shuleni Ijumaa na kirikuu letu, kale kagari ka kubebea mizigo. Leseni ninayo tangu mwaka jana, lakini nilikuwa sijawahi kuendesha kuvuka Kiwira. Nilikwenda nimeshika usukani kwa mikono yote miwili kama nimeshika mbuzi anayetaka kukimbia.

Wakati wa kurudi tulifunga baiskeli nyuma kwa mipira, tukapanda mlima wa Isyonje kwenye ukungu. Malori yanatupita, bodaboda zinatupita, nadhani hata mzee mmoja mwenye mkokoteni alitupita.

"Mama, hii gari ina gia ya tatu, ujue," Sekela akasema.

"Ya pili inanitosha."

"Tutafika mbio zimeisha. Unanizingua, bwana."

Lakini tulikuwa tunacheka. Miaka mingi sijakaa na mwanangu saa nzima bila mtu kugonga hodi. Alinisimulia habari za bweni, za mwalimu wa hesabu, za rafiki yake anayelia akiona chura. Nikawa najiambia kumbe huyu mtoto ana maneno mengi hivi, na mimi nilikuwa nayapata kwenye simu yakiwa matatu tu, poa, fresh na nitumie vocha. Tulipokaribia Kiwira nikamuuliza, bila kufikiria sana, njia ya mbio inapita wapi. Akageukia dirishani. Nikauliza tena.

"Inapita kwa babu," akasema. "Pale pale mbele ya shamba lake."

Mama, wewe ulikuja harusini ukaona mwenyewe. Huku mke hakutani na baba mkwe wake. Nikimwona njiani naacha njia, naingia kwenye migomba mpaka apite. Sijawahi kumtazama usoni, sijawahi kuketi naye chumba kimoja, na jina lake silitamki, hata hapa siliandiki. Miaka kumi na saba sasa. Wake wengine wa hapa mjini wamelegeza, wanamwamkia mkwe kwa mbali na maisha yanaendelea. Mimi niliyetoka Manyoni nilijiapiza kwamba hakuna atakayesema yule mgeni hakufunzwa kwao. Nimeishika desturi yao kuliko wao wenyewe, na nilijivunia.

Sekela alikuwa anajua yote hayo, ndiyo maana alinificha. Nilimwambia nitamshusha Masoko halafu nirudi zangu Tukuyu.

"Kwani babu alikufanyia nini?"

"Hajanifanyia kitu. Ni heshima."

"Heshima gani ya kumkimbia mtu? Sema tu humpendi."

Niliingiza gia ya tatu kwa hasira, na Sekela akawa wa kwanza kushangaa.

Jana asubuhi tulishuka Masoko hatujasemeshana. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara inateleza kama imepakwa sabuni. Sikurudi Tukuyu, moyo ulikataa. Niliegesha gari chini ya mteremko, hatua kama hamsini kutoka shamba la mkwe, nikasimama nyuma ya gari na chupa yangu ya maji nikichungulia. Yeye nilimjua kwa koti lake refu la kijivu. Alikuwa amesimama ukingoni mwa kahawa yake, mikono nyuma, anasubiri mjukuu wake apite. Watu walijaa pande zote mbili wanashangilia.

Wasichana walianza kushuka. Sekela alikuwa wa tatu, matope mpaka kwenye meno, anacheka. Aliponyoosha shingo kumtafuta babu yake, gurudumu la mbele likaingia kwenye mfereji wa maji. Nilimwona akiruka juu ya baiskeli, halafu sikumwona tena, kaangukia mtaroni. Halafu nikasikia, "Mama!"

Nilikimbia, mama. Chupa niliitupa, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Lakini nilipofika karibu nikaona mkwe ameshashuka mtaroni, amepiga magoti, kichwa cha Sekela kiko kwenye mapaja yake. Miguu yangu ikasimama yenyewe. Watu wananitazama, wanawake wa kanisani, majirani, shangazi wa mume wangu. Mtoto akaita tena, "Mama!" na mimi nimesimama hatua kumi kutoka kwake kama mti. Sijui nilisimama kwa muda gani. Shangazi anasema ni kidogo tu. Kwangu mimi ulikuwa muda mrefu sana, na ndio unaoninyima raha mpaka saa hii.

Yule mzee hakuinua macho. Alifungua skafu yake ya sufu ya shingoni, akamfunga Sekela mkono taratibu. Kisha akalivuta koti lake juu, akajifunika kichwa chote mpaka usoni, akageukia ukuta wa mtaro. Na kutoka humo ndani ya koti nikamsikia anamwambia mtoto, kwa lafudhi yake ya huku:

"Mwite mama yako, gwe. Yuko pale balabalani. Mwambie hapa hakuna mtu."

Nikaruka mtaroni.

Watu wa huduma ya kwanza pikipiki yao ilikwama kwenye tope huko juu. Tunachangia bajaji ya wagonjwa, na mgonjwa wa kwanza akawa wangu, bajaji yenyewe bado. Basi nikamwingiza Sekela kwenye kirikuu. Nilipowasha gari nikasikia nyuma kunatikisika. Mzee amepanda pamoja na baiskeli, koti kichwani, mgongo kwetu, uso unatazama tulikotoka. Kioo cha katikati kilinionyesha mgongo wake mzima. Nikakigeuza kitazame paa.

Kwenye kilima cha kwanza magurudumu yalizunguka bure. Gari likaanza kurudi nyuma, Sekela analia, mimi najua nimekwisha. Halafu likasukumwa. Niliisikia ile nguvu mpaka kwenye usukani, ikituinua kidogo kidogo hadi tambarare. Sikugeuka. Nilingoja gari litikisike tena, nijue amepanda, ndipo nikaendelea. Yule mzee ana miaka zaidi ya sabini.

Njiani Sekela akasema, kwa sauti ndogo, "Nilikuona umesimama."

Nikamwambia nisamehe. Alilaza kichwa chake begani kwangu, mpaka nikashindwa kubadili gia, tukaingia Tukuyu na gia ya pili kama nilivyozoea.

Hospitali walimpiga picha. Mfupa wa juu ya bega una ufa, hakuna cha kupasua, akae wiki kadhaa bila baiskeli, jambo ambalo kwake ndilo ugonjwa wenyewe. Muuguzi alipofungua ile skafu akasifu, "Huyu aliyemfunga anajua kazi. Ni nani?"

Nilitaka kusema babu yake. Mdomo ukatoa lingine. "Hakuna mtu," nikasema.

Nje ya dirisha, kwenye benchi, kuna mtu aliangua kicheko. Kicheko kirefu cha kizee, kikaishia kwenye kukohoa. Sekela naye akacheka mpaka akashika bega kwa maumivu. Mama, miaka kumi na saba nimeolewa na nilikuwa sijawahi kusikia baba mkwe wangu akicheka. Anacheka kama mume wangu. Nililia pale pale mbele ya muuguzi, akadhani nalilia mfupa.

Tulipotoka, benchi halikuwa na mtu. Koti alikuwa ameliacha limekunjwa vizuri, bila shaka kwa ajili ya Sekela maana mvua ilikuwa imeanza tena, na yeye mwenyewe kaondoka kichwa wazi kutafuta bodaboda ya kurudi Masoko.

Leo baada ya ibada shangazi amekuja. Hata chai hakungoja. "Mkamwana wewe, umemsogelea mkwe mbele za watu! Peleka kuku, uombe radhi." Nimemwambia nitapeleka. Kuku si tatizo. Ila yeye anadhani kosa langu ni kusogea, na mimi kinachonikereketa ni zile hatua kumi nilizosimama. Kwa hilo nani nimpelekee kuku? Nimemuuliza Sekela, ameniambia nimpelekee yeye, tena wa kukaanga. Basi nimejua amenisamehe, lakini mwenyewe bado. Wewe mama ungekuwa mahali pangu ungefanyaje? Nijibu kweli, usinibembeleze.

Desturi sitaiacha. Nikimwona mzee kesho nitaingia kwenye migomba kama siku zote. Ila sasa nitakuwa najua ninayempisha ni nani.

Msalimie sana baba. Msalimie kaka na shemeji kule mashambani, na bibi wa jirani aliyenifundisha kusuka ukili, mwambie mkeka wake bado haujachakaa. Suzi, asante kwa kusoma, na ninajua uliongeza.

Kuna ombi moja. Koti nimelifua, linaning'inia hapa mlangoni likichuruzika. Likikauka mama mkwe atalichukua alirudishe, na sitaki lirudi mikono mitupu. Mpe kondakta wa basi la Mbeya chupa moja ya asali yetu ya Manyoni, ile nyeusi ya nyuki wakubwa. Ukiulizwa ni ya nani, sema ni ya mtu mmoja ambaye hakuwepo.

Mwanao anayekupenda,
Janeth