Kijivu cha Sitaha ya Kioko

Jumatatu, 4 Agosti 1975

Leo nimechanganya kijivu cha sita. Baba Mutua amekiangalia, amekunja uso, amesema hicho ni cha punda. Haya. Nimechoka na huyu mume wangu. Wateja wengine wa duka langu hapa Matiliku wanaonyesha mkebe kwa kidole, wanachukua, wanakwenda kupaka milango yao. Yeye anataka rangi aliyoiona zamani za vita, juu ya meli ambayo sasa iko chini ya bahari.

Meli ndogo aliyoichonga iko juu ya kaunta. Urefu wa mkono wangu. Mizinga myembamba kama njiti. Nzuri mpaka inaudhi.

Jumanne, 5 Agosti

Kijivu cha saba. Hapana.

Meli ni ya Mwaitu. Ndivyo sote tunavyomwita mama wa Kioko, kule Kasikeu. Kioko na rafiki yake Baba Mutua waliandikishwa siku moja, wakafanywa mabaharia, watu ambao hawakuwa wameona maji yakipita magoti. Meli ilipopigwa, Baba Mutua alikuwa hospitali Mombasa na malaria. Kioko alikuwa ndani. Hakuna kaburi. Mwaitu ameomba kitu kimoja tu, aonyeshwe mahali mtoto wake alikuwa anasimama.

Miaka yote hii Baba Mutua aliogopa kwenda kwa Mwaitu. Naandika wazi, kwa sababu hapa hasomi mtu. Sasa mama ni mgonjwa, hali chakula, na bwana ndiyo sasa ana haraka.

Ijumaa, 8 Agosti

Tumegombana. Sitaha, pale juu wanapotembea, ilikuwa ya mbao. Mwanzoni mbao tupu. Walizisugua kila asubuhi mpaka zikawa karibu nyeupe. Halafu amri ikaja zipakwe kijivu, ndege za adui zisiwaone. Mimi nataka mbao tupu, inapendeza macho. Yeye anataka kijivu, kwa sababu Kioko alifia juu ya kijivu. Nimemwambia wafu hawaulizi rangi. Nimejuta kabla ya kumaliza kusema.

Mchana nimesinzia dukani. Nikaona kaunta inapanda na kushuka polepole, na mikebe ya rangi inapita mmoja mmoja nje ya mlango, bila kelele, ikielea. Sikushangaa hata kidogo. Nilikuwa nahesabu tu ni mingapi. Nikaamshwa na mtu anataka misumari.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekipata! Nyeupe, nyeusi, tone moja la buluu, na masizi ya jikoni kidogo. Kimekauka juani tukiwa kanisani. Ni kijivu cha ile mvua tunayoiona huku kutoka mbali, inapita, inakwenda kunyeshea wengine. Baba Mutua amekigusa, ametoka nje akasimama kando ya ua. Nikajua ndicho. Nimefurahi, na furaha yenyewe ikanitia huzuni.

Jumatano, 13 Agosti

Balaa. Rangi haishiki. Inakunjamana na kuambuka kama utando wa maziwa. Nimenusa mbao. Polishi ya viatu!

Miaka ishirini anachonga twiga na swala wa kuuzia watalii kule Kiboko, barabarani. Kisu kikiwekwa chini, mkono unaokota brashi, unapaka polishi, kitu king'ae. Wachongaji wote wanafanya hivyo. Jana alipomaliza kulainisha sitaha, mkono ukaenda wenyewe. Akaisugua ikang'aa vizuri kabisa, halafu ndiyo akapaka rangi yangu juu yake.

Amesema amemfanya Kioko twiga. Halafu akalia. Hata baba yake alipozikwa hakulia. Nimeogopa, sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Alhamisi, 14 Agosti

Tangu asubuhi tunakwangua. Tapentaini, msasa, kipande cha chupa. Mimi ndiye mwenye subira. Kufika saa sita sehemu ya mbele imekuwa mbao safi. Vumbi la mbao ya jakaranda kwenye nywele zangu, kwenye chai, kila mahali. Jua likiingia mlangoni vumbi lote linasimama hewani. Kwa muda nimesahau tulikuwa tunafanya nini.

Halafu binti wa Mwaitu akaja mwenyewe. Hali ni mbaya. Kama tunakuja, tuje kesho.

Baba Mutua anasema hatuendi na meli nusu mbao nusu magamba. Aibu gani hiyo. Nimemfokea. Tutakwenda nayo hivyo hivyo.

Ijumaa, 15 Agosti

Kasikeu. Mwaitu alikuwa amelazwa karibu na mlango, apate jua. Amebaki macho tu. Baba Mutua akaweka meli mapajani mwake, akaanza kuomba msamaha kwa polishi, kwa rangi, kwa wiki hii ilivyokuwa. Mama hakusikiliza. Akaweka kidole kwenye kijivu.

“Ni chuma?”

“Hapana, Mwaitu. Ni mbao. Hiyo ni rangi tu juu yake.”

Kidole kikasogea mbele, kwenye mbao tupu. Kikakaa hapo.

“Zote ni mbao?”

“Zote.”

Akafumba macho. Akatuambia. Walimwambia mwanawe yuko kwenye meli ya chuma. Kioko alitoka nyumbani miguu mitupu. Basi tangu mwaka ule, kila jua likiwa kali, amekuwa akifikiria nyayo za mtoto juu ya chuma cha moto. Kila jua. Na huku kwetu jua halina likizo.

Akasema tukitoe kile kijivu.

Nilimwangalia Baba Mutua. Wiki nzima alikuwa amepigania kile kijivu. Hakubisha. Akaomba kisu, akakaa chini, akakwangua pale pale, mama akishika meli upande mmoja. Mimi nilienda kulia nyuma ya ghala.

Jumapili, 17 Agosti

Habari imetufikia kanisani. Mwaitu alituacha jana asubuhi. Meli ilikuwa naye kitandani.

Baada ya chakula tumekaa nje. Baba Mutua akaongea bila kuulizwa. Wakati wa kusugua sitaha wote walivua viatu, akasema. Maji yakimwagwa, mbao zilikuwa baridi vizuri. Kioko alikuwa wa mwisho kuvaa viatu, kila siku.

Nimekusanya sahani.