Mraba wa Ishirini na Nne

Škofja Loka, 3 Juni

Mwanangu Jerica,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima huko ugenini Göteborg na tramu unazoendesha hazikuchoshi. Mimi sijambo, ila moyo unanienda mbio nikipanda ngazi.

Najua jirani yetu Francka ameshakupigia simu kunishtaki. Ni kweli, jana nilitakiwa kulazwa Ljubljana nipasuliwe moyo, na ni kweli sikwenda. Nilifika hadi stesheni na begi langu, pajama na ndara ndani. Kisha treni ya Ptuj ikafungua milango mbele yangu, nami mfukoni nina kijitabu cha mama yako. Nikapanda.

Unakikumbuka? Kile cha chama cha wastaafu wa kiwanda cha nguo. Miraba ishirini na minne, na kila mraba ni mji wa kale au mahali pa kutazama. Ukifika unagonga muhuri, na hugongi usipofika. Marjeta wangu alijaza ishirini kabla hatujamzika Februari. Imebaki Ptuj, mapango ya Škocjan, Ziwa la Cerknica na mlima wa Triglav. Nimeamua nimmalizie, nikimaliza nitatulia. Nyumba haikaliki, Jerica. Kiti chake kinanikera, hata saa ya ukutani inanikera.

Pale ngomeni Ptuj mama wa mlangoni alisoma jina la kijitabu, akauliza Marjeta ni nani. Nikamwambia leo ni mimi. Akayatazama masharubu yangu, akanisukumia muhuri.

Baba yako,
Vinko

Göteborg, 12 Juni

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, mvua tu.

Tangu siku ile ya jikoni, miaka kumi na moja sasa, umekuwa ukinitumia kadi za Krismasi zenye maneno mawili. Leo napata barua nzima, na inahusu masharubu yako. Nimecheka, kisha nikakasirika kwa kuwa nimecheka.

Mama alikwenda huko kote kwa sababu alipenda kutembea. Wewe unatoroka daktari. Francka anasema umepewa tarehe nyingine, tisa Septemba. Mwaka huu nimeshamzika mzazi mmoja, nikasimama kaburini robo saa na kurudi kazini. Sitaki kuja tena kwa safari ya namna hiyo. Niahidi kwamba tarehe tisa utakwenda.

Mwanao,
Jerica

Divača, 20 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Hali yangu ni ya kusukuma siku, namshukuru Mungu.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikupata pa kukaa nikaandika. Wiki hii nilikwenda Piran, kule pwani, mara mbili, na Piran mama yako alishaigonga zamani. Nilizunguka tu ule uwanja wao wa mawe meupe, nikanywa kahawa nimesimama, nikarudi. Hata Francka ameacha kunipikia, maana chakula kinapoa nikiwa njiani.

Leo nimeingia mapangoni Škocjan. Mto unanguruma chini kabisa gizani, na wewe unapita darajani juu yake kama sisimizi. Kushuka nilishuka vizuri. Kupanda ndiko kulikonishinda. Nilikaa kwenye ngazi, midomo, kama alivyosema yule binti mwongozaji, imekuwa ya buluu. Alinigombeza mbele ya Waitaliano wote. Aliniuliza kama nyumbani sina mtu wa kunizuia. Nikamwambia alikuwepo.

Muhuri nimegonga. Imebaki miwili. Kuhusu ahadi, nimekusikia.

Baba yako,
Vinko

Göteborg, 1 Agosti

Baba,

Shikamoo. Kusikia si kuahidi. Nimekujua toka utotoni.

Halafu nieleze kitu kimoja. Triglav kwetu kila mtu anapanda, hata wenye magoti mabovu. Mama alifika kila pembe ya nchi yetu. Kwa nini huo mraba ni mtupu?

Jerica

Cerknica, 25 Agosti

Mwanangu Jerica,

Salamu. Natumaini barua hii itakukuta salama.

Nimefika Cerknica na ziwa halipo. Kila mwaka linakauka, mtoto wa shule anajua, lakini mimi kwa haraka yangu nilisahau kuuliza. Nimekuta watu wanakata majani pale wanapovua samaki majira ya baridi. Mwenye mkahawa ndiye anayeshika muhuri, na aliukalia.

Akasema, "Mzee, muhuri huu ni wa ziwa. Wewe unaliona ziwa?"

"Naona ng'ombe."

"Basi rudi likirudi."

Nikamwambia huenda likirudi mimi sipo. Neno hilo sijawahi kulitamka, hata peke yangu. Yule bwana akaugonga yeye mwenyewe, kisha akaniletea supu ambayo sikuagiza.

Sasa nikujibu. Wiki ile uliyosema unaondoka, mama yako alikuwa ameshakata tiketi tatu za basi. Jumamosi tungepanda Triglav, mimi, yeye na wewe. Alhamisi nikakupiga kofi pale jikoni, na Ijumaa ukaondoka. Marjeta alitia tiketi mkebeni, akasema mlima ule hataugonga mpaka tuwe watatu. Hakuusema tena. Ila kila mwaka akifungua kijitabu ananionyesha mraba ule, na mimi natazama dirishani.

Nilikosa, mwanangu. Nilikupiga kwa sababu niliogopa utakwenda, na nikakufukuza kwa mkono uleule. Naomba radhi. Nimezunguka huku na huku kiangazi kizima, na neno lenyewe lilikuwa hili tu.

Kijitabu nakutumia. Triglav siiwezi. Mgongee mama yako ukipenda. Tarehe tisa nitakwenda, naahidi.

Baba yako,
Vinko

Kibanda cha Kredarica, chini ya kilele cha Triglav, 9 Septemba

Baba,

Shikamoo. Sijui hali yako. Saa hii umelazwa mezani, wamekufungua. Barua hii nitaishusha mwenyewe na kuiweka kwenye mto wako, pengine nitakuwa nimelala kitini ukiamka.

Nilikuja moja kwa moja mlimani kwa sababu wanasema kesho theluji. Kukaa korido kungenitia wazimu. Nimerithi miguu yako.

Asubuhi nimefika kileleni, kwenye ule mnara mdogo wa bati. Unajua desturi: anayefika mara ya kwanza anainamishwa na kuchapwa kamba na yule aliyemleta. Jamaa mmoja wa Kranj mwenye ndevu alikuwa ameshaikunja kamba yake. Akauliza, "Nani kakuleta?"

Nikasema, "Baba."

"Yuko wapi?"

"Anakuja. Amechelewa kidogo."

Akaweka kamba chini. Sikuchapwa.

Sasa nimeshuka kibandani, muhuri uko mbele yangu mezani. Nimeushika, nimeupulizia, nimeurudisha. Ulisema kijitabu kikijaa utatulia. Sitaki utulie, Baba. Mraba ni mtupu, na matako yangu hayajaguswa. Vyote viwili ni vyako. Hata ikichukua miaka mitatu. Hata ukitembea hatua kumi na kukaa. Picha ya Mama nitaibeba mimi, tutakuwa watatu.

Kofi nimekusamehe. Kamba sijasamehe, nakudai.

Amka.

Mwanao,
Jerica

Ljubljana, 4 Oktoba

Jerica,

Salamu. Mwandiko mbaya, usicheke.

Tangu urudi Göteborg muuguzi ananitembeza korido. Leo nimetembea hatua kumi, nikakaa.

Kamba ninayo ya nguo, nzuri. Kwa mkono mwepesi, nakuahidi.

Baba